Nani Atamwambia Mzee?

Tulikuwa tunateremka kutoka Usangi kwenda Mwanga, baba mdogo na mimi, ndani ya Noah yake. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Kindoroko hadi barabarani, lami imelowa. Kwenye kona moja akachomoza kijana wa bodaboda, taa inawaka, yuko upande wake kabisa. Baba mdogo hakumwona. Sisemi alimwona akachelewa kumkwepa, hakumwona. Kijana akajitupa mtaroni na pikipiki yake, na nilipogeuka nikamkuta amesimama anajifuta matope, mzima. Mzee akapiga honi. "Watoto wa siku hizi, mwanangu, barabara hawaijui kabisa." Nami nikaitikia: "Kweli, baba."

Jibu lile linanikera hadi leo. Nimeona kwa macho yangu kosa ni la nani, halafu nikambebesha kijana wa watu, kwa sababu mwenye kosa ni mzee wangu na nimelelewa nisimkosoe. Nadhani nyumba nyingi za kwetu Upareni zina gari la namna hiyo uani na ukimya wa namna hiyo sebuleni. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya wazee wanaoendesha, na zaidi kwa watoto wao wanaokaa kiti cha abiria wakiitikia.

Kwanza nimpe mzee anachostahili. Baba mdogo alijifunza udereva kwenye Land Rover ya ushirika, enzi ambazo mvua ikinyesha abiria walishuka kusukuma na vipande vya njia za vijijini vilitengenezwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Alistaafu akiwa na miaka 60, akarudi kijijini na nyumba yake, miwa yake na gari lake. Gari hilo ndilo linalompeleka kliniki, sokoni, msikitini na kwenye misiba. Mei 2025, Usangi ilipompokea Mzee Cleopa Msuya kwa mara ya mwisho, waziri mkuu wetu wa zamani aliyefariki akiwa na miaka 94, barabara yetu ilijaa magari ambayo kwa siku za kawaida hatuyaoni. Baba mdogo alipanda na la kwake, akapaki mwenyewe, akashuka ameshika fimbo. Mzee wa namna hiyo ukimwambia "lete funguo", anasikia umemwambia "kaa ndani usubiri".

Tena wazee si tatizo kuu la barabara. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali ndiyo muuaji wa kwanza. Dereva wa miaka 65 aliyezoea njia kwa kawaida haendi kasi, haendeshi amelewa, wala haovateki kwenye kona. Nchi zinazoweka hesabu zimeona kuwa hatari kwa kila kilomita huanza kupanda tena mtu anapovuka miaka sabini, na ikimpata mzee humuumiza zaidi, maana mifupa na mbavu zake hazivumilii tena. Kwa hiyo usianze na umri wake. Anza na mwili wake wa leo, na kile ambacho barabara yake inaudai.

Barabara yetu inadai mengi. Kutoka Mwanga hadi Usangi hazifiki kilomita thelathini, lakini ndani yake kuna jua la tambarare, mpando, kona zilizofungana, makorongo, ukungu, mbuzi na watoto wa shule. Ukishuka chini unakutana na barabara kuu ya Moshi na Tanga, yenye mabasi na malori yanayokwenda kasi, na usiku taa zake ni kali. Jicho la mtu wa miaka 60 linahitaji mwanga karibu mara tatu ya ule unaomtosha kijana wa miaka 20 kuona kitu kilekile. Mwenye mtoto wa jicho, taa za gari linalokuja humtawanyikia mbele ya kioo kama mtu aliyemwagiwa maziwa usoni.

Halafu kuna presha ya macho, ambayo ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa haiumi. Hula uoni wa pembeni polepole, katikati ikakuacha salama. Mgonjwa anasoma gazeti, anasoma herufi ubaoni, anamtambua mtu ng'ambo ya bonde. Ila anayetokea pembeni, mtoto au bodaboda, kwake hayupo mpaka afike mbele. Ndiyo maana mzee anaweza kukuapia kwamba anaona vizuri, na hasemi uongo. Kipimo cha kusoma herufi peke yake hakigundui ugonjwa huu. Mpelekeni mahali pana daktari wa macho wa kupima presha ya jicho na upana wa kuona. Kwa sisi wa Kilimanjaro, hospitali ya KCMC pale Moshi haiko mbali, na safari moja kwa mwaka si kubwa kwa mtu mwenye gari.

Baada ya macho, miguu. Kisukari cha muda mrefu huleta ganzi nyayoni, na dereva mwenye ganzi hajui sawasawa amekanyaga nini wala kwa uzito gani. Shingo ikikakamaa, mtu hageuki kuangalia anaporudi nyuma. Anategemea vioo na bahati. Hapo niseme neno kuhusu mteremko, kwani magari mengi ya wastaafu siku hizi ni automatiki. Mzee aliyekulia kwenye gia za mkono alijua kwamba mlima uliopanda na gia namba mbili utaushuka na namba mbili. Akipewa automatiki, anaiacha kwenye D kutoka juu hadi Mwanga, mguu hautoki kwenye breki, breki zinachemka, na anapozihitaji kweli hazishiki. Mwonyesheni ile 2 au L ni ya kazi gani. Hilo peke yake, bila daktari wala wakili, linaweza kuokoa familia nzima.

Yapo mambo ya kuangalia nyumbani kabla hujamfikiria daktari. Zunguka gari: bampa ina mikwaruzo mipya ambayo hakuna anayeikumbuka? Nguzo ya geti imepata alama? Kaa naye safari moja ukiwa abiria wa kweli, simu umeiweka mfukoni. Je, anapita njia panda anayoijua miaka yote, kisha anashtuka? Anasimama katikati ya barabara akifikiri? Anakanyaga mafuta alipokusudia breki, hata mara moja, hata uani? Wajukuu wanatafuta visingizio vya kutopanda? Watoto wadogo hawana adabu ya kunyamaza kama tuliyo nayo sisi, wasikilize. Kipimo kingine wamekifanya sheria Waingereza: dereva asome namba ya gari iliyo umbali wa mita 20 mchana, kwa miwani kama huvaa. Pima hatua ishirini na tano uani, simamisha gari, msome wote, na wewe kijana pia, ili lisionekane jaribio la mtu mmoja. Siku tuliyofanya hivyo kwetu, aliyeshindwa wa kwanza alikuwa mimi.

Dawa nazo zina maneno yake. Piriton ya mafua, ambayo kila nyumba inayo kwenye kopo la dawa, inaleta usingizi, na kwa mzee usingizi huo unakaa zaidi. Dawa kali za maumivu na baadhi ya dawa za kutuliza mishipa ni vilevile. Ukipewa dawa mpya, muulize daktari au mfamasia swali moja tu: nikinywa hii, naendesha? Wengi hawaulizi, na wengi wa wanaoandika dawa hawasemi, pengine kwa kuwa hawadhani mzee yule wa kanzu amekuja akijiendesha mwenyewe.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, adui wa usukani ni sukari kushuka kuliko kupanda. Huanza kwa jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha akili inachanganyika. Na akili ikishachanganyika, mtu huyo hawezi kujishauri kwamba asimame. Basi shauri linatolewa mapema: apime kabla ya kuondoka, asiendeshe kabla ya kula, aweke soda ya kawaida au glukosi mahali mkono unapofika, siyo kwenye buti. Dalili ya kwanza, apaki pembeni, azime gari, anywe, na asiondoke mpaka sukari na kichwa vyote vimerudi. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili ni zito. Saa ile ya kuelekea kufuturu, mzee amefunga, amemeza kidonge wakati wa daku, anakimbilia nyumbani kwenye kona na giza linaingia: sijui mchanganyiko mbaya zaidi ya huo. Mwenye ugonjwa huo azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama, na siku za kufunga asishike usukani jioni.

Aliyepata kiharusi, hata kile kidogo kilichopita kwa saa chache, asiguse gari mpaka daktari aseme, na aseme akijua kwamba anayezungumziwa ni dereva wa milimani. Aliyewahi kuzimia au kupata kifafa ni hivyohivyo.

Wengine watanijibu: leseni anayo, ni halali, haijaisha. Leseni zetu za sasa ni za miaka mitano. Aliyeihuisha akiwa na miaka 68 anatembea nayo hadi 73, na kadi ile haijui lililompata katikati. Haijui mtoto wa jicho, haijui kwamba mwaka jana aliamka mkono mmoja mzito. Ni karatasi ya siku iliyotolewa. Trafiki akikusimamisha atasoma kadi, hatasoma jicho lako. Anayejua kilichobadilika ni mwenye mwili na wale anaolala nao nyumba moja.

Hapo ndipo lawama inapoanzia. Watani zetu Wachaga hutucheka kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, kwa hiyo nitawapa wasomaji wangu kesi mbili wanazoweza kuzijadili hadi usiku. Zote ni za Uingereza, ambako misingi mingi ya sheria zetu za madai ilichotwa. Katika ya kwanza, Roberts dhidi ya Ramsbottom ya mwaka 1980, mzee wa miaka 73 alipatwa na kiharusi muda mfupi kabla hajaingia kwenye gari. Hakujua ni kiharusi, lakini alijisikia si wa kawaida. Akaondoka, akagonga gari lililosimama, akaendelea, akagonga lingine na kuumiza watu. Mahakama ikamwona anawajibika kulipa: alikuwa na fununu ya kutosha ya kusimama, hakusimama. Katika ya pili, Mansfield dhidi ya Weetabix, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwishoni mwa miaka ya 1990, dereva wa lori alishukiwa na sukari kwa sababu ya uvimbe ambao yeye mwenyewe hakuujua. Lori likaingia dukani. Mahakama ikasema hakuwa mzembe, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua.

Wekeni kesi hizo mbili kwenye mizani. Mwili ulimwangusha huyu na ukamwangusha yule. Kilichowatenganisha ni kujua. Ndiyo maana namcheka kidogo anayekataa kupimwa akidhani kutojua kutamkinga. Aliyeambiwa na mkewe mara tatu kwamba haoni vizuri ameshajua, na mke atakuja kuulizwa mahakamani. Bima nayo ina masikio: fomu nyingi huuliza ugonjwa, na ukificha, umeiachia kampuni mlango wa kubishana nawe siku unapoihitaji. Tena kumbukeni kwamba bima ya mtu wa tatu, ile ndogo ambayo wengi wetu tunakata ili tupate stika, inamfidia uliyemgonga. Gari lako na mbavu zako ni juu yako. Na wewe mtoto uliyenunua gari kwa jina lako, ukamkabidhi mzee unayejua hali yake, usidhani umesalimika kwa kuwa uko Dar es Salaam na ajali iko Kikweni. Mwenye gari naye huulizwa.

Noah zetu zinatoka Japani, basi tuangalie na wenyewe wanaishije na jambo hili. Aprili 2019, mtaani Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87, mtu mwenye heshima zake serikalini zamani, aliparamia watu na kumuua mama wa miaka 31 na binti yake wa miaka 3. Akashikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Wachunguzi hawakuona ubovu. Mahakama ikasema alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Wajapani walishtuka. Mwaka ule wa ajali watu wapatao laki sita walirudisha leseni zao kwa hiari, na zipo serikali za mitaa zinazowapa wanaorudisha punguzo la nauli ya basi au teksi. Hili la punguzo ndilo ninalolipenda: hawakumwambia mzee ashuke tu, walimwonyesha atapanda nini. Januari ya mwaka huohuo Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alipinduka na Land Rover yake akiwa na miaka 97. Alimwandikia barua ya pole mmoja wa wanawake waliokuwa kwenye gari lingine, akilitaja jua lililomwingia machoni, na mwezi uliofuata akarudisha leseni mwenyewe. Naye, kwa hakika, alikuwa na madereva wengi.

Baba mdogo hana madereva wengi. Kwa hiyo kabla hujatamka neno "acha", hesabu atakachokosa. Kliniki ya mwezi, nani atampeleka? Msibani Shighatini? Ijumaa msikitini? Usimwambie apande bodaboda. Mtu wa miaka 76 nyuma ya pikipiki kwenye mteremko uliolowa, umemtoa kikaangoni ukamtupa motoni. Tafuteni kijana mmoja wa hapohapo mwenye leseni ya daraja linalotakiwa, anayepigiwa simu, analipwa kwa safari na anaendesha gari lilelile la mzee. Watoto wachange kila mwezi, kama wanavyochangia harusi. Tuna vikundi vya kuchangia kamati za harusi za watu tusiowajua. Cha kumchangia dereva wa baba kinatushinda nini?

Na nani atamwambia? Si mtoto wa mwisho kwenye simu kutoka mjini. Si mkwe. Wala si mbele ya wajukuu au siku ya sikukuu wakati nyumba imejaa. Msifiche funguo wala kuchomoa betri. Mzee atagundua, na atakaloligundua ni kwamba mmeanza kumwona mtoto. Kwetu maneno mazito hupitia kwa rika lake au kwa mjomba, na kama anamheshimu imamu au mchungaji wake, kwa huyo. Daktari anafaa kuliko wote, kwa sababu anasema "jicho lako", hasemi "wewe". Mara nyingi si lazima kuacha kote kwa siku moja. Aanze kuacha usiku. Kisha ukungu na mvua. Kisha barabara kuu ya chini, abaki na njia za kijijini mchana, kwa mwendo wake. Mzee anayepunguza mwenyewe hubaki na kauli, na ile hatua ya mwisho haimwangukii kama jabali.

Kama ajali imetangulia, mnayotakiwa kufanya ni machache. Simamisha gari, saidia aliyeumia, piga 112, toa taarifa kituoni, majeruhi wachukuliwe fomu ya PF3, piga picha kabla magari hayajasogezwa, ijulishe bima. Usikubali "tumalizane hapahapa" hasa kama aliyekuwa kwenye usukani ni mzee: aliyepatwa na mshtuko hajui kama ameumia, naye aliyegongwa huenda kesho akaamka hawezi kusimama. Na mpelekeni dereva hospitali hata kama hana mchubuko. Huenda kilichomgongesha bado kinaendelea ndani yake.

Juni 28, 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster viligongana vikashika moto, na vifo vikazidi 38 vilivyotangazwa mwanzoni. Taarifa za kwanza zilitaja tairi la basi lililopasuka. Uzee wa dereva haukuwamo humo. Ninaitaja ajali hiyo kwa kuwa tangu siku ile hata baba mdogo hukagua matairi kila asubuhi, anainama kwa shida, anayagonga kwa fimbo. Nilimwambia siku moja, tukiwa tumekaa barazani wawili tu: baba, tairi unaligonga kila siku, jicho tuligonge lini?

Alicheka. Baada ya wiki mbili tukaenda Moshi. Ni presha ya macho, la kushoto limeliwa sana pembeni, amepewa matone ya kila siku. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, na kwamba asiendeshe tena.

Sasa anakaa kiti cha kushoto. Kijana anaendesha, na kila tukiifikia kona mguu wa kulia wa mzee unakanyaga zulia, anatafuta breki ambayo haipo. "Namba mbili, mwanangu. Namba mbili." Juzi tulipopita pale kwenye mtaro alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Yule kijana wa pikipiki, siku ile. Alikuwa upande wa nani?"

"Upande wake, baba."